Barabara ikikatika na intaneti ikizimika, sisi wauzaji wa mtandaoni wa Kusini tujipange vipi?

Muuza Vitenge (Mtwara Mikindani)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninauza vitenge, mashuka na nguo za watoto kupitia Instagram na makundi ya WhatsApp. Mzigo ninauchukua Kariakoo, unakuja Mtwara kwa basi, na wateja wangu wengi wako Masasi, Newala na Tandahimba. Mteja hulipa nusu ya bei anapoagiza, na nusu nyingine anapopokea.

Nadhani hakuna aliyeisahau Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu tarehe 4, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam katika maeneo kadhaa ya Kilwa, likiwamo Somanga, na mzigo wa wateja wangu 23 ukakwama njiani. Kabla sijatulia, tarehe 12 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini, intaneti ikadorora nchi nzima, nikashindwa hata kuwaeleza watu mzigo wao umefika wapi. Mteja mmoja aliniandika tapeli kwenye ukurasa wangu, na mtandao uliporejea hilo ndilo neno la kwanza nililolikuta. Malipo yao ya awali nilikuwa nimeshayanunulia mzigo, kwa hiyo hata aliyetaka kurudishiwa sikuwa na cha kumpa.

Mvua zinakaribia tena. Kila ninayemwuliza ananiambia niweke akiba. Akiba ya nini, na niiweke wapi?

Mbanguaji (Lindi)

Pole sana, dada. Mimi ninauza korosho zilizobanguliwa, kwa hiyo mzigo wangu hupanda kwenda Dar es Salaam wakati wako unashuka, lakini siku zile tulikwama kwenye tope lile lile.

Naomba nianze na pesa, kwa kuwa ndipo ulipoumia zaidi. Malipo ya awali usiyahesabu kuwa ni mauzo. Ni deni, na litaendelea kuwa deni hadi mteja atakapofungua kifurushi chake. Mei ile wateja wangu wawili walidai fedha zao, nikalazimika kuazima kwa shemeji ili niwarudishie, na aibu ile ndiyo iliyonifanya nisajili laini ya pili ambayo kazi yake ni kupokea malipo ya awali tu. Siigusi mpaka mteja athibitishe kwamba amepokea. Utaniuliza mzigo utaununua kwa fedha gani. Ununue kwa mtaji wako, hata kama unatosha kuhudumia wateja wanane badala ya 23. Sikufichi, mauzo yatashuka, na miezi miwili ya mwanzo nilijiona mjinga.

Suala la pili ni mawasiliano. Je, namba za wateja wako unazo mahali pengine nje ya simu? Mimi nina daftari kubwa la kaunta lenye jina, namba, alichoagiza, alicholipa na basi lililobeba. Mikongo ilipoharibika, simu za kawaida na ujumbe mfupi viliendelea kufanya kazi, na miamala ya kubonyeza nyota na reli haikuhitaji intaneti. Nilikaa na daftari nikampigia mmoja baada ya mwingine: barabara imekatika, mzigo uko salama, siku ya kufika siijui, nitakupigia tena Alhamisi. Alhamisi ilipofika nilipiga, hata kwa wale ambao sikuwa na jipya la kuwaambia. Nina hakika kwamba simu hiyo ya pili ndiyo iliyowabakiza.

Duka la Masasi

Ninakubaliana na kaka wa Lindi kuhusu daftari na laini ya pili. Hapo kwenye wateja wanane ndipo tunapoachana, kwa sababu ukinunua Kariakoo kwa kiasi kidogo hivyo hupati bei ya jumla, na faida yote inaishia kwenye nauli ya kifurushi. Sisi wauzaji watatu wa hapa Masasi huchanga mzigo mmoja na kugawana tukiupokea.

Vilevile mzigo wa msimu tunauvuta Septemba, barabara ikiwa kavu, kwa kuwa minada ya korosho huanza Oktoba na hapo ndipo fedha huingia Newala na Tandahimba. Lakini tusidhani kwamba misukosuko hutoka mawinguni pekee. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakachelewa wakati uhakiki wa wakulima ukiendelea. Mimi nilikuwa nimejaza chumba kizima mashuka ya harusi, na nusu yake niliyauza mwaka uliofuata kwa hasara. Tangu hapo ninavuta theluthi tu kwanza, kisha ninasikilizia minada miwili mitatu.

Barabara ya Kilwa ikikatika, njia ya Iringa, Songea na Tunduru ipo, ila hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 1,500. Gharama yake mwachie mteja aamue: mwenye harusi Jumamosi atalipa, wa mashuka ya kawaida atasubiri.

Mweka Hazina wa Kikundi (Mtwara)

Nitaongeza jambo moja tu. Usizibe pengo la dharura kwa mikopo kausha damu, na hasa ile ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, haina riba, lakini hupewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mchakato wake ni mrefu. Iombeni wakati huu wa utulivu, maana barabara ikishakatika haitawafikia kwa wakati.

Muuza Vitenge (Mtwara Mikindani)

Asanteni sana, nimewasoma wote zaidi ya mara moja. Laini ya pili nitaisajili kesho. Dada wa Masasi, ukienda Kariakoo mwezi wa tisa naomba unijulishe, nami nichange. Jioni hii nimenunua daftari nikaanza kuwaandika wale 23 wa Mei, nikagundua kwamba namba za simu ninazo za wateja tisa tu. Wengine wote ninawajua kwa majina yao ya Instagram.