Naomba ushauri: lovebird anaweza kufundishwa kuongea?

FundiBondeni: Wadau, habari za jioni. Niko Nakuru. Nina lovebird wawili, wale kasuku wadogo, dume na jike, wa kijani, kifua cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Tundu niliwaundia mwenyewe kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana. Wiki ya tisa sasa namwambia mmoja neno moja tu, "kuja", asubuhi na jioni. Hajalitamka. Niliambiwa ukimtenga na mwenzake atashika haraka, basi nimemtenga na kumfunika kwa leso. Nifanye nini zaidi? Nina haraka, na tafadhali msinicheke.

MamaUji: Unawalisha nini? Mpe wimbi, uwele, sukumawiki kidogo. Avokado usithubutu, ni sumu kwa ndege. Dada yangu kule Njoro aliwatupia maganda yenye nyama yake jioni, asubuhi akaokota wawili sakafuni. Alilia kama amefiwa.

Kondele_Boy: Mlete Kondele nimtundike stendi. Makanga watamfundisha kuongea kwa siku mbili, ila utayasikia mbele ya mama mkwe.

MzeeShinyalu: Kijana, mimi nimekulia kando ya msitu wa Kakamega. Zamani kasuku wale wa kijivu walipita juu yetu jioni wakipiga mbinja, leo waweza kukaa mwaka mzima usimwone hata mmoja. Waliisha hivi hivi, kila mtu akitaka wa kumwongelesha nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na mmoja aliyebisha hodi, mama anatoka na kiti, hakuna mgeni. Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka sicheki. Kasuku yule siku hizi huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, na tangu 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Hao wako uliwatoa wapi?

FundiBondeni: Kwa vijana fulani, njia ya Naivasha. Mzee, naomba turudi kwa swali.

Manyoya: Nimefuga miaka kumi na miwili, nikujibu. Hao lovebird wako asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, kusini ya Ziwa Victoria. Wanaoruka Naivasha ni kizazi cha waliotoroka au kuachiliwa, wakachanganyika na wenzao wa kichwa cheusi. Dume na jike hufanana, kwa hivyo huna hakika unao wa namna gani. Kuongea ni nadra mno kwao. Wachache hushika neno moja mawili ya mkwaruzo, wengi huiga mbinja au mlio wa simu. Wala si kwa sababu ni wadogo. Kasuku mdogo wa Australia, yule wa mistari mgongoni, ana uzito chini ya wako, na mmoja wa Marekani aliyeitwa Puck aliandikwa Guinness kwa maneno 1,728. Na wanaoshauri pilipili ili kulegeza ulimi wakome: ndege haisikii ukali wake, na sauti yake haitoki mdomoni, inatoka chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika. Kumtenga ndiko kubaya zaidi. Ataanza kujing'oa manyoya. Huyu ndege akitunzwa ataishi miaka kumi na zaidi. Haraka ya nini?

FundiBondeni: Ni jambo la nyumbani.

Manyoya: Ameshaanza kujing'oa?

FundiBondeni: Kidogo, chini ya bawa.

MamaUji: Baba, sema. Hapa hatujuani sura.

FundiBondeni: Sawa. Ni mtoto wangu. Alitimiza miaka minne mwezi wa tano na hajasema neno hata moja. Hawa ndege anawapenda kupita kiasi, anakaa mbele ya tundu saa nzima akitazama midomo yao. Nikawaza, ndege akisema "kuja", naye atasema. Kabla hamjanihukumu: mama yangu asema hata mimi nilichelewa, nilianza na miaka mitatu na nusu. Jirani alisema ulimi umefungwa, tumkate chini, nikakataa. Hospitali tutaenda, nilipanga baada ya kuvuna. Lakini mgonjwa si yeye. Ana akili, karakana ananipa msumari kabla sijauomba. Na analala vizuri kutushinda wote. Hawa ndege wakianza kelele saa kumi na mbili, vyumba viwili vyote tunaamka, yeye hata hageuki.

Shahidi254: Nilijua. Tulianza na ndege, sasa kuna mtoto, ujumbe ujao utakuwa nambari ya kutumia pesa. Mwaka jana nilituma elfu mbili kwa uzi wa namna hii, mtoto wa moyo. Hakukuwa na mtoto wala moyo.

Kondele_Boy: Kweli, mbona hakusema tangu mwanzo?

FundiBondeni: Sijaomba hata shilingi. Sikusema kwa sababu ni mtoto wangu.

MamaUji: Mwacheni. Na kama anatunga?

Nyar_Ahero: Hatungi. Ndugu yangu, rudi usome mstari wako ule wa usingizi wake. Anayetunga hangeuandika bila kuona alichoandika. Kelele za lovebird zinapasua kichwa, na mtoto hageuki. Msumari anakupa kwa sababu anafuata macho yako. Wangu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi kumi, akapona, nikamwita mkaidi miaka miwili mizima. Nilimpiga kwa ukaidi huo. Usingoje kuvuna. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti, kitengo cha masikio, pua na koo, omba apimwe kusikia. Leo usiku simama nyuma yake, asione kivuli chako, ugonge sufuria, usikanyage kwa nguvu maana sakafu inamwambia. Hata jibu likiwa baya si mwisho. Wangu yuko darasa la tano, anasema kwa mikono. Lugha ya Ishara imo katika Katiba ya 2010, ni lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Shahidi254: Kama ni kweli, samahani. Lakini gonga kwanza.

FundiBondeni: Nimerudi. Kwanza nimemtoa yule ndege kwenye leso, nikamrudisha kwa mwenzake. Mtoto akaja akakaa mbele ya tundu kama kawaida. Nimevua viatu, nikasimama nyuma yake na sufuria na mwiko. Nimegonga. Ndege wote wawili wakarukia waya. Yeye akacheka kuwaona wakiruka. Kisha akageuka kunitafuta, kwa kuwa walikuwa wakinitazama mimi.

Nimegonga tena mara mbili. Jumatatu alfajiri tutakuwa kwenye foleni, mimi na mama yake.

Nyar Ahero, "kuja" kwa mkono inasemwaje?