Mrejesho: Mfuko wa kuwasomesha watoto wasiojiweza umeanza

Wapendwa, niliwauliza namna umoja wetu wa wazazi na walimu unavyoweza kuanzisha mfuko wa kuwalipia ada watoto wasiojiweza bila kuwaaibisha. Asanteni sana, tumeanza.

Ushauri ulionisaidia zaidi ni wa kuficha majina. Fomu zinaifikia kamati zikiwa na namba tu. Majina anabaki nayo mwalimu wa malezi. Mwenye mtoto anayeomba haketi kwenye kamati. Akaunti ya benki ni ya mfuko peke yake, watia saini 3, na ada inalipwa moja kwa moja shuleni.

Palipotusumbua ni vigezo. Tulitanguliza alama, kumbe tunawaacha hao hao tuliowakusudia: mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada atapata wapi alama nzuri? Sasa uhitaji ndio wa kwanza. Mzazi mmoja bado anapinga. Namheshimu, ila hapo sikubaliani naye kabisa.

Muhula huu tumewalipia wanafunzi 4 kati ya waombaji 11. Wale 7 waliobaki wananikosesha usingizi, ndiyo maana tumeamua kuchanga kila mwezi badala ya harambee moja kwa mwaka.