Tupeane uzoefu: mgonjwa hawezi tena kusema, nani alimsemea kwenu?

Mtoto wa Tatu
Wakuu habari za jioni. Jana nimemsindikiza jirani hospitali, mama yake kapata kiharusi. Nesi akaja na fomu ya ridhaa, akauliza "nani anasaini?" Ndugu wanne wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikatoka nje, sikurudi hata kuaga. Nilikumbuka yetu ya 2016.

Mzee alikuwa na kisukari miaka kumi na kitu. Msumari ulipenya kwenye ndala, hakusikia maumivu (wenye wagonjwa wa sukari mnajua, miguu inakufa ganzi), akaja kugundua siku soksi imegandia kidoleni. Tunamfikisha Dar, mguu umeshakuwa mweusi kupita kifundo na harufu imejaa wodi nzima. Daktari kijana, mpole, akatuambia: tukikata leo ni chini ya goti, kesho huenda ikawa juu ya goti, mkizidi kusubiri sumu inaingia kwenye damu. Mzee mwenyewe homa imempanda, anamwita dada yake marehemu aje waanue mahindi, mvua inakuja.

Sasa nani aseme ndiyo? Mama akasema, "Mimi hapa mke tu, muulizeni kaka yenu." Kaka yuko Mwanza. Kwenye simu akasema, "Asiguswe mpaka nifike." Baba mkubwa akadakia kwamba ukoo wetu haujawahi kuzika mtu nusu. Daktari alirudi mara tatu. Mara ya tatu hakuuliza, aliiacha fomu kwenye kimeza cha kitanda, pembeni ya chupa ya uji, akaondoka. Ikakaa pale mpaka ikapata doa la uji. Na kalamu ilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati.

Kaka alipanda basi kesho yake alfajiri, akafika usiku. Akasaini palepale. Mzee hakufika chumba cha upasuaji, alifariki kabla hakujakucha, na miguu yake yote miwili.

Kinachonikera mpaka leo ni hiki. Siku ya kuanua tanga, mwenzake wa bao alinishika mkono pembeni akaniambia, "Baba yako alisema, wakitaka kukata wakate tu, mguu mmoja unatosha kufika barazani." Kumbe alishasema! Kamwambia mtu wa bao. Sisi wa kumsainia hakutuambia, na hatukumuuliza.

Nyie kwenu ilikuwaje?

kibandaumiza77
"Asiguswe mpaka nifike." Kila ukoo una huyu mtu, na siku zote anakaa mbali.

Chura Mpole
Pole sana mkuu. Ila kumkalisha mtu mzima na afya yake mkaanza kujadili nani atamsainia, huo ni uchuro. Mungu ndiye mpangaji.

Mama Tausi
Uchuro? Gari lako umelikatia bima, umejichuria ajali?

Chura Mpole
Bima ya gari naogopa trafiki, mama. Usichanganye mafaili.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimekaa wodini miaka 27, sasa nimestaafu, naweza kusema. Mgonjwa akiwa na akili zake anasaini mwenyewe, hata kama ni mke na mume amesimama pembeni kavimba. Nimeshuhudia mume akimpokonya mkewe kalamu, tukamrudishia mama kalamu yake. Na ikiwa ni dharura ya dakika, hakuna wa kuulizwa, daktari anaokoa maisha kwanza. Tabu iko hapa katikati, kama mguu wa mzee wako: kuna saa chache za kuamua, mgonjwa haelewi lolote, ndugu wamegawanyika. Hapo daktari naye anaogopa. Akikata, kesho yupo mtu mlangoni anauliza nani kamruhusu.

Halafu ile sehemu ya "ndugu wa karibu" kwenye faili muiheshimu. Watu wanaandika jina la yule mwenye chaji kwenye simu. Saa nane usiku hali inabadilika, tunapiga, anapokea shemeji aliyeleta mgonjwa na bajaji, hajui hata mgonjwa ana mzio wa dawa gani.

kibandaumiza77
Mimi ndiye yule shemeji.

fundi_spana
Sijawahi kusimulia hii. Gereji yetu tulikuwa sita, mmoja Shahidi wa Yehova, kijana mtaratibu kuliko sote, akiazima spana anairudisha imefutwa. Wenzetu wale hutembea na kadi ya kukataa damu, imesainiwa mbele ya mashahidi, na humo wanamtaja mtu wa kuwasemea. Alituonyesha siku moja wakati wa chai, tukamcheka.

2019 jeki ikateleza, gari likamshukia nyonga. Nimepanda naye nyuma ya pikapu, nimekandamiza tambara kwenye paja, damu inanipita vidoleni inaingia ndani ya saa. Pochi yake ninayo mimi. Mapokezi wakauliza, ana bima, ana karatasi yoyote? Nikatoa kadi ya bima. Ile nyingine nikaisokomeza kwenye soksi.

Wakamwongezea chupa tatu. Amepona, anachechemea kidogo. Siku ya nne nikamrudishia pochi na kadi, nikamwambia ukweli, nilishindwa kukaa nao. Hakunitukana. Alisema, "Ulikuwa unajua." Basi. Akahamia gereji nyingine. Mkewe alinitumia kilo mbili za maharage na ujumbe wa asante, halafu akaniomba nisimwambie mumewe kama ameshukuru.

kibandaumiza77
Uzi umetekwa rasmi. Nimevuta kiti.

Mama Tausi
Fundi, ulifanya utu. Mtu anapumua leo.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Hapana Mama Tausi. Ile kadi ndiyo ilikuwa mdomo wake. Tungeisoma, tungemtundikia maji, tungemkimbiza chumba cha upasuaji kuziba panapovuja. Angeweza kufa, sikatai. Lakini alishajibu swali kabla hatujamuuliza.

Ngano Mbichi
Nesi acha hizo. Mtu mwenye watoto watatu hana ruhusa ya kukataa damu.

fundi_spana
Anao wawili.

Ngano Mbichi
Hata mmoja.

Mtu wa Mvita
Kwa hivyo ukiwa na watoto, mwili wako ni wa majirani? Fundi alimwibia mtu, tena alimwibia hali hajitambui. Mimi ni Muislamu, na dini ile si yangu, lakini ningalikuwa mimi ningalihama pia.

Ngano Mbichi
Wewe hujawahi kushika mtu anayevuja damu. Kaa na kahawa yako.

Mtu wa Mvita
Nimemshika babangu. Endelea.

Mtoto wa Tatu
Jamani taratibu. Mimi nalalamika kwamba hatukujua mzee anataka nini. Huyu aliandika kabisa, akasaini, na bado. Hata sijui niseme nini.

Wakili Kivuli
Nichomekee moja wakati mnagombana. Wengi mnadhani mambo haya yanaandikwa kwenye wosia. Wosia, hata ukiuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, unafunguliwa mtu akishafariki. Ukiandika humo "msinikate mguu" utasomwa mguu uko kaburini. Na ile hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukuwakilisha, ya kuuzia kiwanja na kufuatilia benki, kwa kanuni tulizorithi kwa Waingereza inakufa pale akili ya aliyeitoa inapopotea. Yaani inakuacha siku unayoihitaji.

Chura Mpole
Sasa wakili umetusaidia nini?

Wakili Kivuli
Nimewapunguzia pesa za muhuri. Andikeni karatasi ya kawaida, lugha mnayoielewa, tarehe, sahihi, mashahidi wawili, nakala kwa daktari wako wa kliniki na kwa yule uliyemtaja. Haina nguvu ya hukumu ya mahakama, ila inanyamazisha kikao cha ukoo kwenye korido.

Mtu wa Mvita
Huku kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 yasema mgonjwa asiyeweza kutoa idhini, anayetangulia kuulizwa ni yule aliyempa mamlaka kwa maandishi. Ndugu wa karibu hufuata akiwa hakuna aliyeandikwa. Sisi hatukuwa tumeandika. Baba alilazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, siku kumi na tisa, kundi la WhatsApp la mchango lina watu mia na hamsini, na kila aliyetoa elfu moja ana rai yake kuhusu mashine ya kupumulia.

Mama Tausi
Hahaha, samahani, nacheka kwa uchungu. Kwetu mjomba aliyechangia sabuni ndiye aliyekataa dripu.

Mlezi wa Leeds
Mimi nahudumia wazee Uingereza. Huku kuna sheria ya 2005 ya watu wasioweza kuamua wenyewe, unamteua mtu ungali na akili, hati inasajiliwa, na kwa mambo ya tiba haitumiki mpaka uwezo wako wa kuamua upotee. Kuna wazee wanaweka kichupa ndani ya friji chenye karatasi ya maradhi yao na dawa zao, watu wa ambulensi wanajua pa kuangalia. Wiki ya kwanza kazini nilisikia bibi wa miaka 90 anaulizwa, mbele yangu, kama moyo ukisimama ajaribiwe kufufuliwa au aachwe. Niliona ukatili. Bibi akajibu, "Niacheni, ila mbwa mpelekeni kwa binti yangu mdogo, yule mkubwa hampendi." Kisha akaomba chai.

Mama yangu yuko Tanga, ana presha na miaka 71. Najua mbwa wa yule bibi alikokwenda, lakini cha mama yangu sijui hata kimoja.

Chura Mpole
Huko ni huko. Huku ukifungua friji ni maji ya Kandoro, yale ya kwenye mfuko, na samaki wa jana. Halafu Mtu wa Mvita, kuzima mashine si kuua?

Mtu wa Mvita
Si wewe wa kwanza kuuliza, hata sisi tulikesha nalo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, la wanazuoni wa sheria za dini, lilikaa Amman, Jordan, 1986, likasema madaktari mabingwa wakithibitisha ubongo wote umekufa na hauna kurudi, mashine yaweza kuondolewa, hata kama moyo bado wapiga kwa nguvu ya mashine. Lakini babangu ubongo haukuwa umekufa. Alikuwa amechoka tu, na mapafu yamekwisha. Hapo hatukuwa na wa kumuuliza ila yeye, na yeye ana mpira kooni.

Mama Tausi
Niseme ya mama yangu, maana zote ni za vilio. Saratani ya mlango wa kizazi, ilishasambaa. Akamaliza mionzi Ocean Road, daktari akamweleza ukweli. Jioni tunamenya ndizi jikoni, akasema bila kuinua uso: "Mimi sirudi tena Dar. Nipelekeni Tukuyu. Tausi ndiye atakayesema, wewe Mama Tausi unalia sana." Tausi ni mwanangu, alikuwa na miaka 24! Niliumia, sifichi.

Tulipewa morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwenye chupa. Kila baada ya saa nne unavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, unamimina mdomoni, na ya kulalia unampa dozi mbili kwa pamoja ili alale moja kwa moja. Na dawa ya kulainisha choo mkaikumbuke, maana morfini inafunga choo, hii watu wanasahau, mgonjwa anateseka na choo kuliko saratani. Kaka zangu walipokuja na gari la kumrudisha mjini, Tausi alisimama mlangoni na kanga yake kiunoni akasema, "Bibi kasema." Walimtukana vibaya sana. Gari likaondoka tupu.

Ngano Mbichi
Na kama angepona mjini?

Mama Tausi
Asingepona, baba.

Ngano Mbichi
Namba ya siri ya simu nayo mpeni huyohuyo msemaji. Shangazi yetu alikuwa na laki sita kwenye laini yake, tunakopa ya dawa mtaani.

kibandaumiza77
Mke usimpe namba ya siri.

Mama Tausi
Wewe mpe mtu wa bao.

fundi_spana
Nesi, swali. Nikimfuata nikamwomba radhi upya, itasaidia au nitamfungua kidonda?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Sijui fundi. Kweli sijui.

kibandaumiza77
Nimempigia mzee sasa hivi, nikamuuliza akizidiwa anataka nini. Kaniuliza, "Umeshapata mnunuzi wa kiwanja?" Akakata.

Chura Mpole
Nilisema mimi.

kibandaumiza77
Kapiga tena. Mguu wakate, mashine hataki, na azikwe kwao asizikwe mjini. Msemaji kamtaka dada yetu wa mwisho. Halafu kasema mama asijue tumeongea. Sasa si mama ndiye atakayekuwa naye hospitali?