Chupa Inayonuka Mafuta ya Taa

Baraka: Shikamooni wakubwa. Leo nimeokota dhahabu 📷

Mjomba Elias: Marahaba. Picha haifunguki. Dhahabu gani?

Baraka: Waini nyeupe ya Ujerumani, mjomba. Riesling, yaani jina la aina ya zabibu, kutoka bonde la Mosel, ya mwaka 2011. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, ina vumbi, wameibandika karatasi nyekundu ya punguzo. Nimelipa chini ya nusu ya bei.

Neema: 2011?? Hiyo si waini tena kaka, hiyo ni siki 😂😂

Shangazi Rhoda: Rahisi ghali, mwanangu.

Mjomba Elias: Duka lipi hilo?

Baraka: Lile nililokuonyesha siku ile. Shangazi, wateja wameikimbia kwa ajili ya rangi tu. Imekuwa ya asali. Waini nyekundu ikizeeka hupauka, nyeupe ikizeeka hukolea. Mtu akiona unjano anadhani imeoza.

Mama Mdogo: Picha imefunguka kwangu. Mbona kuna vitu vinang'aa chini ya chupa? Vigae vya kioo hivyo! Usinywe!

Baraka: Hapana mama, ni asidi ya zabibu yenyewe imeganda. Haidhuru. Namimina polepole, vinabaki chini.

Mama Mdogo: Haya. Mimi nimesema.

Baraka: Nafungua sasa.

Baraka: Kizibo kimekatika nusu 😩

Neema: Tulisema.

Baraka: Kimelowa, kinameguka kama keki. Nusu ya pili nimeisukuma ndani, nachuja kwa chujio la chai.

Shangazi Rhoda: Chujio langu lililopotea?

Baraka: 🙈

Baraka: Jamani. Inanuka mafuta ya taa. Sitanii. Kama mtu amewasha kibatari chumbani.

Neema: Mwaga. Mwaga sasa hivi.

Mjomba Elias: USIMWAGE! Hiyo ndiyo Riesling iliyokomaa. Kuna kemikali wanaiita TDN, huongezeka kadiri chupa inavyokaa. Iache kwenye glasi robo saa, kisha uonje. Na isiwe baridi ya kuuma meno, utaua harufu yote. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha.

Neema: Mjomba haya yote umeyajua lini?

Mjomba Elias: Nimezeeka nikiwa nimelala ubavu kama hiyo chupa.

Shangazi Rhoda: 😂😂😂 Elias!

Baraka: Nimeonja. Dada, nisikilize. Kwanza ndimu. Halafu asali, lakini si utamu wa asali, ni harufu yake tu. Ukishameza, ulimi unabaki unachemka kama umelamba jiwe la mtoni. Ile ya mafuta ya taa imejificha nyuma, sasa hata naitafuta.

Neema: Siki haipo?

Baraka: Hata tone. Ina uchachu, lakini ule wa tunda.

Mjomba Elias: Uchachu huo ndio ulioilinda, na sukari kidogo iliyobaki ndani. Usije ukadhani kila nyeupe ya zamani iko hivyo. Nyingi zimetengenezwa zinywewe mapema, Pinot Grigio ya kawaida ukiiweka miaka kumi utakunywa maji ya tufaha lililopondeka. Riesling, Chenin Blanc ya Loire kule Ufaransa, Semillon ya Hunter Valley kule Australia, hizo ndizo za kuchokora kwenye rafu za chini. Ila ikiwa ya kahawia kabisa, au imepungua hadi mabegani mwa chupa, mwachie mwenye duka.

Neema: Baraka, nibakizie glasi moja. Nakuja.

Baraka: Si ulisema ni siki?

Neema: Nakuja na chujio jipya la shangazi.

Baraka: Haya njoo. Kesho asubuhi nikachukue zilizobaki, niliona tatu.

Baraka: Mjomba?

Baraka: Mjomba mbona umenyamaza?

Mjomba Elias: Niko kaunta, nalipa.