Mafaili ya mambo binafsi ya Henry Ford: yana faida kwa umma au ni kumtukuza tajiri?

Kalamu Butu: Wakuu, salaam. Mzee Ford, yule tajiri wa magari wa Marekani, alifariki 1947 akaacha makaratasi lukuki. Yanatunzwa Dearborn, Michigan, na siyo hesabu za magari tu: kuna soya, dansi za zamani, majengo ya kale aliyonunua. Mimi naona tajiri mwenye nguvu kiasi kile, hata alichopenda ni haki ya umma kukisoma. Mnasemaje?

Fundi Gereji: Umma upi? Gari tulishapata, yatosha. Faili la mzee kucheza dansi litanifungia gasketi? Na mwenyewe alisema historia ni upuuzi.

Mbeba Boksi: Alisema hivyo 1916, halafu 1929 akazindua Greenfield Village, kijiji kizima cha majengo ya kale, na maabara ya Edison, yule mvumbuzi, akaisimamisha upya humo humo. Makumbusho ya jirani nimeingia. Kuna mrija wa kioo umezibwa, eti ndani ni pumzi ya mwisho ya Edison. Mrija mtupu, na watu wanausogelea kama wanaaga maiti!

Fundi Gereji: Haya, Marekani imesema. Siku mbili za kubeba boksi, tayari mwanahistoria.

Mbeba Boksi: Boksi hilo ndilo lililoezeka nyumba ya mama. Gereji yako ina paa?

Fundi Gereji: Ina paa NA wateja.

Shangazi wa Moshi: Wanangu, punguzeni. Mimi nauliza, chuki yake kwa Wayahudi iko faili gani? Gazeti lake lilimwaga sumu miaka, na Wajerumani wa Hitler wakampa nishani 1939.

Kalamu Butu: 1938 shangazi, Julai, alipotimiza miaka 75.

Shangazi wa Moshi: Ahsante mwalimu. Kwa hiyo mwaka mmoja umefuta ubaya wote?

Kalamu Butu: Nisilishwe maneno. Nimerekebisha tarehe tu.

Shangazi wa Moshi: Tarehe umeiona, sumu hukuiona.

Kimya Kingi: Mnaruka jambo. Ford alipotangaza dola 5 kwa siku, 1914, alituma wachunguzi majumbani mwa wafanyakazi. Unakunywa? Una akiba? Umepangisha watu humo ndani? Usipowaridhisha, zile dola 5 huzioni. Aliyefungulia wenzake mafaili alalamike nini yake yakifunguliwa?

Fundi Gereji: Turudi kwenye soya. Tajiri wa magari na soya wapi na wapi?

Mbeba Boksi: Alikuwa na maabara yake ya soya. Mwaka 1934, kwenye maonyesho ya Chicago, aliandaa mlo wa soya mtupu, kuanzia kitangulizi hadi kitindamlo.

Fundi Gereji: Wageni walipona? Mke wangu alinipikia maziwa ya soya mara moja, nyumba nzima ikanuka maharage mabichi.

Shangazi wa Moshi: Kwa sababu alisaga mbichi. Aloweke usiku, asubuhi amwage yale maji, achemshe kwanza, amenye maganda, ndipo asage. Tangawizi mwishoni.

Kimya Kingi: Hoja yangu hakuna aliyeijibu.

Kalamu Butu: Jamani, mada ni mafaili!

Fundi Gereji: Tangawizi mbichi au ya unga, shangazi?