Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuoka mkate nyumbani, na watu wa nyumbani waliupokeaje?

Mama wa Mbezi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa.

Nilianza kuoka mkate mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mkate wa dukani ukawa unapanda bei huku ukisinyaa. Nia yangu ilikuwa kubana matumizi tu. Leo naoka kwa sababu nyingine kabisa: ndiyo kazi pekee ya jikoni ambayo wanangu wote wanaigombania, na mume wangu hukaa mezani asubuhi badala ya kunywa chai amesimama.

Kipimo changu ni cha kawaida. Unga wa ngano nusu kilo, maji ya vuguvugu ml 300, hamira gramu 7, chumvi gramu 9, sukari kijiko kikubwa kimoja, mafuta vijiko viwili. Nakanda mpaka unga uache kunata mkononi na uwe laini kama ndewe ya sikio. Oveni nyuzi 200, dakika 30 hadi 35. Ukigonga mkate chini ukasikia mlio wa kitu chenye uwazi, umeiva.

Ila ninachotaka tuzungumze hasa ni kile ambacho maelekezo hayasemi. Utasoma "acha unga uumuke saa moja na nusu". Aliyeandika hivyo hakuwa Dar mwezi wa Januari. Hapa kwangu dakika 40 zinatosha, ukizidisha sana unga unanuka pombe, na ukiingia kwenye moto unashuka. Kwa hiyo mimi siangalii saa, naangalia unga. Binti yangu mdogo ndiye mwenye kazi hiyo: anachovya kidole kwenye unga mkavu, anabonyeza. Shimo likirudi papo hapo, bado. Likirudi polepole na kubakisha alama kidogo, tayari. Lisiporudi kabisa, umepitiliza, unakanda kidogo na kuuacha uumuke tena. Ana miaka sita na hakosei.

Naomba kila mmoja atuambie: uko wapi, unatumia moto gani, nani alikufundisha, na nyumbani kumetokea nini.

Mzee wa Makambako

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Mama wa Mbezi, sisi huku shida yetu ni kinyume cha yako. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Njombe unaijua. Unga ukiuacha mezani asubuhi, mchana unaukuta vilevile ulivyouacha. Watu wengi hapa hukata tamaa wakidhani hamira ni mbovu.

Mimi nilijifunza baada ya kustaafu, na mwalimu wangu alikuwa jirani aliyekuwa akitengeneza skonzi za kuuza. Aliniambia maneno mawili. La kwanza, jaribu hamira kabla ya kuilaumu: weka kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, subiri dakika kumi. Ikitoa povu, iko hai. Isipotoa, tupa, usipoteze unga. Hasa zile za kupimiwa dukani kwenye vifuko, unyevu huziua mapema. Na maji yawe ya vuguvugu kweli, yale unayoweza kumwogeshea mtoto. Maji ya nyuzi 60 yanaua hamira, haijalishi ni mpya kiasi gani.

La pili, tumia baridi badala ya kupigana nayo. Nakanda jioni kwa hamira kidogo sana, robo ya kijiko cha chai, nafunika bakuli, naliacha jikoni usiku kucha. Alfajiri umeumuka. Na mkate wa usiku una ladha ambayo ule wa haraka hauna, kwa sababu hamira imepata muda wa kufanya kazi yake taratibu. Nikitaka mkate siku hiyohiyo, naweka bakuli ndani ya jiko kapu pamoja na chupa ya maji moto. Lile kapu la kuivishia maharage linatunza joto vizuri sana.

Moto wangu ni mkaa. Sufuria kubwa nzito, chini mchanga safi uliochekechwa, juu ya mchanga naweka chombo cha mkate, nafunika, kisha napalia makaa juu ya mfuniko. Siri ni kwamba makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Wengi hufanya kinyume, mkate unaungua kitako na uso unabaki mweupe.

Wajukuu wakija likizo wanalala mapema siku ya kukanda. Hiyo peke yake ni faida.

Mpangaji Tabata

Mzee asante sana kwa hilo la makaa ya juu. Swali: sisi tulio kwenye chumba na sebule, moto ni mtungi wa gesi tu, hakuna oveni wala pa kuwasha mkaa. Tunafanyaje?

Baba Mapacha, Mwanza

Mkuu wa Tabata, mimi niko kama wewe na naoka kila wiki.

Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Ndani weka kitu cha kuinua chombo kisiguse chini: mchanga kama alivyosema mzee, au kigoda kidogo cha chuma. Washa, funika, pasha dakika kumi ikiwa tupu. Kisha weka mkate, punguza moto uwe mdogo kabisa, weka jiwe juu ya mfuniko ili joto lisitoroke. Uso hautakuwa na rangi, kwa sababu gesi haina moto wa juu. Ukishaiva, utoe, uupindue kwenye kikaango kikavu dakika mbili tatu, upate rangi. Umemaliza.

Sasa kuhusu nyumbani. Mke wangu ni muuguzi, wiki nyingine anaingia zamu ya usiku. Asubuhi za wiki hizo zilikuwa ngumu. Mapacha wanaamka, mama hayupo, chai haina kitu, nakimbilia dukani huku wanalia. Nilianza kukanda usiku wakishalala. Nilikuwa natafuta namna ya kupunguza kilio cha asubuhi, sikuwa na lengo kubwa zaidi ya hilo.

Kilichotokea ni kwamba harufu ndiyo inayowaamsha. Wanakuja jikoni wenyewe, kila mmoja ana kipande chake cha unga cha kuviringa, na mama yao akirudi amechoka kutoka wodini anakuta mkate wenye umbo la samaki na mwingine wenye umbo lisilojulikana. Anaukata, anakula, ndipo analala. Kuna ndugu aliyeniuliza kama mwanamume anafaa kukanda unga mke akiwepo. Nilimjibu kwamba mke wangu anakesha na wagonjwa wa watu, na mimi kukesha na unga wa watoto wangu ni haki yangu. Naamini hivyo mpaka leo. Kina baba mlio humu, msiogope.

Mama wa Mbezi

Baba Mapacha, Mungu akubariki, na shemeji yetu mpe pole na kazi.

Mke wa Pemba

Assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Songea, nimeolewa Pemba. Nilipofika sikujua mkate mwingine zaidi ya ule wa kukatwa slesi. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Alikuwa ananijibu kwa heshima, lakini mazungumzo hayakuwepo. Tulikuwa tunapishana jikoni, kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Ramadhani ya kwanza akaniita: "Njoo ushike tui." Ndiyo ikawa mwanzo. Mkate wa ufuta haukandwi ukawa mkavu. Unga wa ngano, hamira, chumvi, na tui zito la nazi, unaupiga kwa mkono ndani ya bakuli mpaka uanze kuvutika na kutoa sauti. Ni mlaini, unanata, na mtu asiyeujua atataka kuongeza unga. Yeye alinizuia mkono kila nilipoufikia unga. Hakuna alichosema, alinishika kifundo tu.

Ukishaumuka, kikaango kinawekwa kwenye mkaa, hakipakwi mafuta. Unanyunyiza maji, unachota donge kwa mkono uliolowa, unalitandaza mpaka pembeni, unamwagia ufuta. Chini likishashika, unakipindua kikaango chenyewe, uso wa mkate unatazama makaa. Mkate hauanguki, kwa sababu haukupakwa mafuta na umeng'ang'ania chuma. Hapo ndipo moyo unapodunda mara ya kwanza! Dakika chache unaona ufuta unapata rangi, unaugeuza, unaubandua kwa kisu.

Tuliupika mwezi mzima kila alasiri, sisi wawili. Na katika kupika ndipo akaanza kunisimulia: jinsi alivyofundishwa na mama yake, jinsi alivyoolewa akiwa mdogo, mtoto wake wa kwanza aliyefariki, ambaye mume wangu alikuwa hajawahi kumtaja. Nadhani ilimwia rahisi kusema kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwenye makaa. Sasa namwita mama, na ninapoenda kwetu Songea hunifungia ufuta na kunikumbusha nisisahau kununua nazi.

Kwetu nao wameupenda. Baba yangu anaula na maharage, sisi huku tunaula na mchuzi wa pweza. Kila mtu na kwao.

Mwana wa Likoni

Dada wa Pemba umenikumbusha bibi yangu. Mombasa pia tunaupika hivyo hivyo, ila bibi alikuwa akitia yai moja. Watu wa nyumbani kwangu wakikosa mkate wa ufuta futari haijakamilika kwao, hata kama kuna boflo, yaani mkate wa kawaida wa ngano, mezani.

Shangazi Leicester

Salamu kutoka Uingereza.

Wengine mtakumbuka Machi na Aprili 2020, tulipofungiwa ndani kwa ajili ya corona. Madukani huku unga uliisha, hamira nayo haikuonekana kabisa. Mimi na vijana wangu wawili wakubwa tukiwa ndani, kila mmoja na simu yake chumbani kwake.

Mama yangu yuko Tanga. Nikamwambia kwa simu kwamba hata hamira hakuna. Akacheka, akaniuliza: "Kwani sisi tulikuwa na hamira ya dukani?" Akanieleza walivyokuwa wakiumulia kwa tembo la mnazi, ile pombe inayogemwa mnazini. Tembo sina huku, lakini wazo likabaki: chachu iko kwenye vitu vyenyewe, unahitaji kuilea.

Tukachanganya unga usiokobolewa na maji, kiasi sawa, kwenye chupa. Kila siku unatoa nusu, unaongeza unga na maji mapya. Nawaambieni jambo ambalo linawakatisha watu tamaa: siku ya pili au ya tatu itachemka sana, utafurahi, kisha itatulia kimya kabisa. Wengi hutupa hapo. Msitupe. Ule mchemko wa kwanza ni wa bakteria, sio chachu. Endelea kulisha, baada ya wiki moja au zaidi chachu yenyewe inapata nguvu, inapanda na kushuka kila unapoilisha, na harufu inakuwa ya uchachu mzuri kama ya mtindi.

Mwanangu mkubwa, ambaye alikuwa hasemi nasi zaidi ya "sawa", akajipa kazi ya kuilisha. Akaiandikia ratiba ukutani. Akawa anampigia bibi yake kwa video kumwonyesha ilivyopanda, na bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo ilibidi azungumze Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha kusalimia. Leo anabishana na bibi yake kuhusu chumvi. Hilo silisahau, na chachu ile bado iko kwenye friji yetu, sasa inalishwa mara moja kwa wiki.

Mpangaji Tabata

Leo nimeoka. Sufuria, kigoda, jiwe juu. Umekubali! Mke wangu amepeleka nusu kwa mama mwenye nyumba. Ila umeme ulikatika, nikapata wazo la kuwauliza wenye oveni: umeme ukikatika na unga umeshaumuka, mnafanya nini?

Mama wa Mbezi

Ukijua utachukua muda kurudi, bonyeza unga utoe hewa, uviringe upya, uweke sehemu ya baridi kuliko zote. Friji hata ikiwa imezimwa inabaki na ubaridi, ili mradi usiifungue mara kwa mara. Utaumuka tena polepole. Na ukiona giza linaingia, fuata njia ya Mzee wa Makambako, palia makaa.

Mlezi wa Baba

Habari zenu. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Namtunza baba yangu, ana kisukari, daktari amemshauri unga usiokobolewa. Naoka lakini mkate unatoka mgumu na baba anaula kwa kunihurumia. Nisaidieni.

Mzee wa Makambako

Mwanangu, pole kwa uuguzi. Pumba zinakunywa maji mengi na zinakunywa taratibu. Kwa nusu kilo ya unga usiokobolewa anza na ml 350 za maji, uwe mlaini kuliko unavyodhani unafaa. Changanya, funika, acha nusu saa kabla ya kukanda, pumba zilainike, la sivyo zinakata ule mvuto wa unga. Sukari acha kabisa, hamira itakula sukari inayotokana na wanga wa unga wenyewe. Na mwanzoni changanya nusu kwa nusu na unga mweupe, uupunguze mweupe kidogo kidogo mkono ukishazoea. Kiasi cha kula fuateni daktari.

Mke wa Pemba

Na usiuhifadhi kwenye friji, mpenzi. Friji inaufanya mkate ugume haraka kuliko mezani. Ukipoa kabisa ukate slesi, za leo na kesho zifunge kwenye kitambaa, nyingine tia frizani, unatoa moja moja na kuipasha kikaangoni.

Mlezi wa Baba

Asanteni sana. Nakanda usiku huu, ml 350. Kesho nitawaambia baba amesemaje.