Dakika ya 66 kocha wetu kamaliza nafasi zote za sub, halafu anasema "shabiki wa kweli halalamiki"!

Mwana Jukwaa la Kusini:
Wakuu, simtaji jina, mnamjua wote. Yule wa kijitabu na kalamu, anaandika dakika 90 nzima utadhani anaandika wosia wa timu! Mechi ya sita hatujashinda, majeruhi wetu wakijipanga wanatimia kikosi na wanatufunga, na bado tupo, tunaimba mpaka filimbi ya mwisho. Leo tumepigwa 3-1, anakaa mbele ya maikrofoni anatuambia shabiki wa kweli halalamiki.

Dakika ya 66 jamani! Sheria inampa wachezaji 5 wa kubadili, lakini mchezo unasimama mara 3 tu kwa ajili yake, na mapumziko hayahesabiwi. Dk 38 winga kaumia, kaingia mmoja, sawa, hiyo ilikuwa lazima. Mapumziko, muda wa bure kabisa, hakugusa mtu. Dk 58 kiungo mmoja. Dk 66 katoa mshambuliaji kaingiza mshambuliaji, mmoja peke yake, tukiwa 1-1! Nafasi tatu kwisha. Watu wawili wamebaki benchi, wazima wa afya, na hakuna anayeruhusiwa kukanyaga nyasi.

Dk 71 mpira unapigwa nyuma ya beki wetu wa kati, anageuka kukimbia, hatua ya tatu anajishika nyuma ya paja na kwenda chini. Benchi linasimama, sub anavua bibu, mwamuzi wa akiba anatikisa kichwa. KICHWA! Tukamaliza kumi, magoli mawili yakapita upande ule ule. Angebadili wawili mapumziko, mmoja dk 58, basi dk 71 tungekuwa na nafasi na mtu wa kuingia. Mimi nitaendelea kuipenda hii timu hata ikishuka madaraja mawili kwa mkupuo, lakini dakika ya 66 simsamehi.

Beki Mstaafu:
Na huyo beki karudishwa siku ya 12 tu tangu aumie paja! Msuli wa nyuma ya paja ukichanika kiasi, huo ni mzigo wa wiki 4 hadi 8. Kutembea bila maumivu si kupona. Msuli huu huchanika mara nyingi mtu anapokimbia kwa kasi kamili, pale mguu unapotupwa mbele kabla haujagusa chini, kwa sababu unavutwa huku unafanya kazi ya kuufunga breki. Kwa hiyo kabla ya mechi unampima: nguvu ya mguu ulioumia isipungue zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na mguu usioumia, akimbie kasi ya juu kabisa mara kadhaa bila kuusikia, afanye mazoezi kamili na wenzake. Akipita, anaanza na dakika 20 au 30. Huyu kaanzishwa!

Chenga Twawala:
Mtoa uzi, unalia dakika ya 66 kama mjane, mpira umeuangalia kweli? Mabeki wamepanda hadi katikati ya uwanja na hakuna anayembana mpigaji. Ukipandisha mstari, mwenye mpira lazima abanwe asipate kuinua kichwa. Akiwa huru, mabeki wanarudi nyuma hatua tano mapema. Hilo halihitaji sub.

Mwana Jukwaa la Kusini:
Mabeki wamepanda, sawa, lakini tungekuwa 11! DAKIKA YA 66!

Mzee wa Kona:
Goli la kwanza hamlisemi. Kona, wote tunakaba maeneo, hakuna hata mmoja wa kumzuia mpinzani anayekuja mbio. Aliyesimama hawezi kuruka juu kuliko anayekuja na kasi. Weka watano kwenye mstari wa boksi dogo, watatu wakawakate mbio wale warefu, mmoja akae pale mpira unapodondokea. Msimu mzima tunafungwa goli hilo hilo!

Glovu Nyeusi:
Kona nyingine tunajitafutia. Kipa akikumbatia mpira zaidi ya sekunde 8, siku hizi ni kona, si tena ile faulo ya kupasiana. Mwamuzi ananyoosha mkono, anahesabu tano za mwisho kwa vidole, na kipa wetu bado anapanga watu. Kocha wa makipa yuko wapi?

Mzee wa Kona:
Kipa muacheni. Hana wa kumpasia, viungo wote wamempa mgongo.

Jirani Mwema:
Nyie mna nafuu. Timu yetu imemchezesha mtu wa ligamenti ya goti mwezi wa sita tangu upasuaji. Inatakiwa isipungue miezi 9, kila mwezi unaomsubirisha kabla ya hapo unampunguzia hatari ya kuumia tena. Goti limekwenda tena, lile lile.

Glovu Nyeusi:
Jirani fungua uzi wako. Hapa tunaongelea kipa.

Chenga Twawala:
Hapa tunaongelea mstari wa mabeki.